Kinanda cha begani: namna kinavyopigwa jukwaani na bei ya uhuru wake

Mpiga kinanda aghalabu hukaa pembeni mwa jukwaa, nusu ya mwili wake ikiwa imefichwa na chombo chake. Kinanda cha begani, ambacho hufungwa kwa mkanda na kushikwa kama gitaa, kiliundwa ili kumtoa katika pembe hiyo na kumweka mbele, sambamba na mwimbaji na mpiga gitaa. Wapo wanaokiona kuwa pambo la miaka ya 1980, na wapo waliokitumia kwa miongo kadhaa kama chombo kamili cha muziki. Tofauti baina ya mambo hayo mawili haimo katika chombo chenyewe. Imo katika kazi inayofanywa na mkono wa kushoto, na katika maandalizi ya bendi kabla mpigaji hajapiga hatua ya kwanza.

Mambo ya msingi

- Kinanda cha begani huwa na vibonye 32 hadi 49, ilhali piano kamili ina 88.
- Mkono wa kulia hupiga vibonye. Mkono wa kushoto, ulio kwenye shingo ya chombo, hupindisha na kutetemesha sauti.
- Baadhi ya vinanda hivi vina sauti zake vyenyewe. Vingine hutuma amri tu kwa chombo kingine.
- Matatizo makubwa ya jukwaani ni matatu: kuchelewa kwa sauti, betri, na pengo linaloachwa na mkono wa kushoto.

Jina na ukoo wake

Kwa Kiingereza chombo hiki kilipewa jina lililoungwa kutokana na neno la kinanda na neno la gitaa. Katika Kiswahili, hata hivyo, ndoa ya vyombo hivyo viwili ni ya zamani zaidi. Neno kinanda katika pwani ya Afrika Mashariki lilitumika kwanza kwa vyombo vya nyuzi vya jamii ya gambusi, kabla ya kuhamia kwenye ogani, piano na hatimaye vyombo vya umeme. Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili anayekiona chombo chenye vibonye kikiwa kimeshikwa kama gitaa anaweza kukiita kinanda kwa maana zote mbili bila kukosea.

Pwani hiyo imezoea pia vyombo vinavyochanganya vibonye na nyuzi. Tashkota, ambayo imepigwa katika taarab ya pwani, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita. Mpigaji wake hubonyeza vibonye kwa mkono wa kushoto na kukwanyua nyuzi kwa mkono wa kulia. Kodiani nayo, ambayo ni kinanda cha kuvaa kifuani, ilipata nafasi katika taarab ya Zanzibar na katika ngoma ya mwomboko ya Kenya ya kati. Kwa msikilizaji wa muziki huo, mpiga vibonye anayesimama na kutembea si ajabu mpya.

Kutoka Vienna hadi jukwaa la roki

Jaribio la mapema linalojulikana zaidi ni orphica, piano ndogo iliyobuniwa Vienna mwaka 1795 na Carl Leopold Röllig. Iliweza kuwekwa mapajani au kuning'inizwa kwa mkanda, na ilikusudiwa kupigwa hata nje ya nyumba. Sauti yake ilikuwa ndogo, na haikuweza kushindana na piano iliyokuwa ikikua kwa ukubwa na nguvu. Mwaka 1829, katika mji huohuo, Cyrill Demian alipata hataza ya kodiani, chombo kilichokuja kubebwa na wanamuziki wa mabara yote.

Umeme ulibadilisha hesabu. Maadamu sauti hutoka kwenye spika, vibonye havihitaji tena sanduku kubwa la mbao. Mwanzoni mwa muongo wa 1970, Mmarekani Edgar Winter alikuwa akijifunga kinanda kwa mkanda na kuzunguka nacho jukwaani. Kibao chake kisicho na maneno, Frankenstein, kilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani mwezi Mei 1973, na kikawaonyesha watazamaji wengi kwamba kinanda kinaweza kuwa chombo cha mbele.

Viwanda vilifuata. Mwaka 1980 kampuni ya Moog ilitoa Liberation, jina lenye maana ya ukombozi. Kilikuwa na vibonye 44 na uzito wa zaidi ya kilo 6, na ukombozi huo ulikuwa na mpaka: chombo kilitegemea waya mrefu uliokiunganisha na sanduku lake la umeme. Mwaka 1982 Roland ilitoa SH-101, chenye vibonye 32, ambacho kiliweza kutumia betri na kufungwa mkanda pamoja na mpini wa kushikia. Kilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, lakini wepesi wake ulikifanya kipendwe.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1983, pale watengenezaji walipokubaliana juu ya MIDI, yaani lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya kielektroniki. Tangu hapo vibonye vya kampuni moja viliweza kuamrisha sauti za kampuni nyingine. Mwaka uliofuata Yamaha ilitoa KX5 na Korg ikatoa RK-100. Vyote viwili havikuwa na sauti ndani yake. Vilibeba vibonye na vidhibiti tu, na kazi ya kutoa sauti waliachiwa mitambo iliyokaa nyuma ya jukwaa. Mwaka 1987 Yamaha ilielekea kwenye soko la nyumbani kwa SHS-10, chombo kidogo chenye vibonye vyembamba 32, sauti zake chenyewe na spika ndani yake.

Wapigaji mashuhuri wa kipindi hicho walitoka katika nyanja mbalimbali. George Duke na Herbie Hancock walikileta kutoka katika jazi. Jan Hammer, mzaliwa wa Prague, alikuwa amejijengea sifa ya kupiga kinanda kwa namna inayomfanya msikilizaji adhani ni gitaa la umeme, na mwaka 1985 muziki wake wa tamthilia ya Miami Vice ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Prince alibuni kinanda cha begani cha umbo lake mwenyewe na kupewa hataza ya umbo hilo nchini Marekani mwaka 1994. Kilipigwa na Tommy Barbarella wa kundi lake la New Power Generation.

Ngoma ivumayo sana haidumu, wasemavyo wahenga. Katika muongo wa 1990 ladha ya vijana wa Marekani na Ulaya ilihamia kwenye magitaa yasiyo na mapambo, na kinanda cha begani kikawa kitu cha kuchekwa. Hata hivyo hakikufa. Roland iliendelea kukitengeneza: AX-1 mwaka 1993, AX-Synth mwaka 2009, na AX-Edge chenye vibonye 49 mwaka 2018. Yamaha nayo ilirejea mwaka 2019 kwa SHS-500. Kicheko kilipita, wapigaji walibaki.

Sauti hutoka wapi?

Anayetaka kukielewa chombo hiki aanze na swali moja: je, sauti imo ndani yake au iko kwingine?

Aina ya kwanza ina sinthesaiza kamili ndani ya kiwiliwili chake. Waya mmoja wa sauti hutoka kwenye chombo hadi kwenye meza ya fundi wa sauti, kama ilivyo kwa gitaa. Faida yake ni urahisi. Hasara yake ni uzito, na kwamba mpigaji hufungwa na sauti zilizomo.

Aina ya pili ni kidhibiti. Mpigaji anapobonyeza, chombo hakitoi mlio bali hutuma ujumbe: kibonye namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Katika MIDI, vibonye huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya kidole hupimwa kwa ngazi zisizozidi 127. Ujumbe huo hufika kwenye sinthesaiza au kompyuta, nayo ndiyo inayotoa sauti. Chombo huwa chepesi, na sauti zinazoweza kupatikana hazina mwisho. Lakini pakitokea hitilafu, mahali pa kuitafuta ni pengi: chombo, kiunganishi, kompyuta, programu na spika.

Kuna kosa moja la kidhibiti ambalo kila mpigaji lazima alijue. Amri ya kubonyeza na amri ya kuachia hutumwa tofauti. Mawasiliano yakikatika baina ya amri hizo mbili, chombo cha mbali hakitajua kwamba kidole kimeondoka, na sauti itaendelea kulia pasipo kikomo. Vyombo vingi huwa na kitufe cha dharura cha kunyamazisha sauti zote. Mpigaji ahakikishe kidole chake kinakijua kitufe hicho gizani.

Kazi ya mkono wa kushoto

Hapa ndipo chombo hiki kinapojitenga na kinanda cha mezani. Kibonye cha kinanda hutoa sauti iliyonyooka: huanza mahali pamoja na kuishia papo hapo. Mwimbaji hafanyi hivyo. Huanza chini kidogo ya sauti anayoitaka, huiendea, huishika, kisha huitetemesha kabla ya kuiacha. Mpiga gitaa hufanya vivyo hivyo kwa kusukuma uzi. Shingo ya kinanda cha begani imewekwa vidhibiti vinavyompa mpiga vibonye uwezo huo: gurudumu au utepe wa kupindisha sauti, kidhibiti cha mtetemo, na vitufe vya kupandisha au kushusha oktava.

Kiasi cha kupinda hupangwa na mpigaji. Mpangilio uliozoeleka ni nusu toni mbili juu na nusu toni mbili chini. Kwa mpangilio huo, kidhibiti kikisukumwa hadi mwisho, sauti hupanda toni nzima; kikifika katikati ya safari yake, hupanda nusu toni. Kwa kidhibiti kilicho mbali na sinthesaiza, mpangilio unaohesabika ni ule wa chombo kinachotoa sauti. Ikiwa chombo hicho kimepangwa nusu toni 12, msukumo uleule uliofanyiwa mazoezi nyumbani utarusha sauti oktava nzima mbele ya watu. Jambo hilo lipimwe kabla ya onyesho, kwa kila sauti itakayotumika.

Zoezi la msingi ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya vizuri. Mpigaji hupiga sauti anayoilenga na kuisikiliza. Kisha hupiga kibonye kilicho toni moja chini yake, akasukuma kidhibiti hadi sauti hizo mbili zifanane. Baada ya hapo hurudia akiishia nusu toni tu. Masikio ndiyo yanayoongoza, si macho. Anayefika juu ya lengo au kabla yake husikika kama mwimbaji asiyeshika sauti, na spika kubwa hazimfichii aibu.

Kanuni nyingine mbili husaidia. Ya kwanza ni kwamba kidhibiti kisiachiwe mpaka sauti iwe imezimika. Kikiachiwa mapema, msikilizaji husikia sauti ikiporomoka bila sababu. Ya pili ni kwamba kwa kawaida kupindisha huathiri sauti zote zinazolia katika mkondo mmoja. Hivyo, mbinu hii hufaa lahani inayopigwa sauti moja baada ya nyingine, na huharibu sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, isipokuwa pale ambapo ndivyo mpigaji alivyokusudia.

Tabia ya chombo kinachoigwa ni lazima iheshimiwe. Kwenye gitaa, uzi ukisukumwa kwa kidole hupandisha sauti. Hauishushi chini ya mahali ulipoanzia. Anayetaka kinanda chake kisikike kama gitaa apindishe kuelekea juu. Anayeiga zumari au filimbi akumbuke kwamba mpulizaji huvuta pumzi. Lahani isiyo na mapumziko humchosha msikilizaji, kwa kuwa sikio lake linajua kwamba hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kuibeba.

Robo toni na muziki wa taarab

Kwa wapenzi wa taarab, mkono wa kushoto una maana ya pekee. Katika taarab ya kisasa iliyoshamiri Dar es Salaam na Zanzibar katika muongo wa 1990, pamoja na vikundi kama East African Melody na TOT, vinanda vya umeme vilichukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na fidla, kanuni na kodiani. Fidla haina vituo vilivyowekwa. Kidole cha mpigaji kinaweza kusimama popote juu ya uzi. Kinanda kina vituo, na kati ya kituo na kituo kuna nusu toni.

Mizani za Kiarabu zilizoingia katika taarab ya zamani, kama bayati na rast, zina sauti zinazokaa katikati ya vituo hivyo. Katika bayati inayoanzia Re, kwa mfano, sauti ya pili huwa baina ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu toni. Kwenye vibonye vya kawaida sauti hiyo haipo. Vinanda vya mezani vilivyotengenezwa kwa soko la muziki wa Kiarabu huwa na vitufe vya kuishusha sauti maalumu kwa robo toni. Kwenye kinanda cha begani kisicho na vitufe hivyo, mpigaji hupiga Mi na kuishusha kwa mkono wa kushoto.

Hesabu yake ni hii: ikiwa kidhibiti kimepangwa nusu toni mbili, robo toni ni robo ya safari ya kuelekea chini. Kuipata robo hiyo kila mara, katika mwendo wa haraka, ni kazi ya miaka. Mpangilio ukipunguzwa hadi nusu toni moja, robo toni huwa katikati ya safari, na kidole hujifunza upesi zaidi. Mpigaji anayejua jambo hili dogo anaweza kuurudishia wimbo wa zamani sauti ambayo vibonye vilikuwa vimeifuta.

Mkono wa kulia na mwili mzima

Mpiga piano anayevaa chombo hiki kwa mara ya kwanza hugundua kwamba mkono wake wa kulia umekuwa mgeni. Vibonye havilali tena mezani. Vimeelekea mbele, kwa hadhira, na mpigaji huviona kwa shida. Kwa sababu hiyo hulazimika kusoma kwa kidole. Vibonye vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na makundi hayo humjulisha mpapasaji mahali alipo kama vile nukta zinavyomjulisha asomaye maandishi ya wasioona.

Urefu wa mkanda una uzito kuliko unavyodhaniwa. Chombo kikishuka hadi pajani hupendeza machoni, lakini kiwiko hunyooka na kifundo cha mkono hukunjika. Mkunjo huo ukidumu kwa saa nzima huleta maumivu, na ukirudiwa usiku baada ya usiku huweza kuumiza mishipa. Mahali salama pa kuanzia ni pale ambapo kiwiko kinakaribia pembe mraba, kifundo kimenyooka, na shingo ya chombo imeinuka kidogo. Mkanda mpana hugawa uzito begani. Mazoezi ya nyumbani yafanywe kwa kusimama, kwa kuwa mkono uliozoea kupiga kwa kukaa haujui bado utakachokutana nacho jukwaani.

Vibonye vichache navyo hudai mpango. Kwa vibonye 37, mpigaji ana oktava tatu tu. Kitufe cha oktava humpeleka juu au chini, lakini akisahau alikokiacha, sauti ya kwanza ya wimbo unaofuata itatoka mahali pasipo pake. Wapigaji makini hukirudisha katikati kila wimbo unapokwisha, kabla hata makofi hayajaisha.

Kutembea na kuchelewa

Hatari isiyoonekana kwa macho ni umbali. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 343 kwa sekunde. Mpigaji aliye mita 10 kutoka kwa ngoma huzisikia baada ya takribani milisekunde 29. Akiingia katikati ya ukumbi, mita 20 kutoka kwenye spika, ucheleweshaji hufika milisekunde 58.

Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, na robo ya pigo milisekunde 125. Kwa hiyo mpigaji huyo amechelewa kwa karibu nusu ya robo ya pigo. Yeye mwenyewe hajui, kwa maana anafuata ngoma anazozisikia. Lakini anachokipiga hufika kwenye spika za mbele kwa umeme, karibu papo hapo, na hadhira iliyo karibu nazo husikia kinanda kikiburuta nyuma ya ngoma. Aliyekuwa akisifiwa kwa ujasiri wa kushuka jukwaani huonekana ghafla kama asiyejua mwendo.

Tiba ya kwanza ni vipokea sauti vya masikioni vinavyomletea mpigaji ngoma kwa redio, bila kupitia hewa ya ukumbi. Pasipokuwa na vifaa hivyo, tiba iliyobaki ni nidhamu: kupiga vipande vigumu akiwa karibu na ngoma, na kutembea wakati wa sauti ndefu zisizodai usahihi wa mwendo. Wengine hufuata mkono wa mpiga ngoma kwa macho, kwa kuwa mwanga hauchelewi.

Vifaa visivyotumia waya huongeza ucheleweshaji wake. Bluetooth ya kusikilizia muziki nyumbani mara nyingi huchelewa mno kwa kazi ya jukwaani. Mifumo ya redio iliyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki hufaa zaidi. Izingatiwe pia kwamba masafa ya redio yanayoruhusiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kifaa kilichonunuliwa katika nchi moja kinaweza kukatazwa katika nyingine, jambo linalowahusu hasa wanamuziki wanaosafiri au wanaoishi ughaibuni.

Betri ni somo fupi: zibadilishwe au zichajiwe kabla ya kila onyesho, hata kama bado zinaonyesha uhai, na akiba iwepo karibu. Waya mrefu uwekwe nyuma ya jukwaa kwa ajili ya dharura. Waya hauna mvuto, lakini umeokoa maonyesho mengi.

Nani atabeba mkono wa kushoto?

Swali hili ndilo linaloamua iwapo chombo hiki kitaijenga bendi au kitaibomoa. Kwenye kinanda cha mezani, mkono wa kushoto hushika besi au sauti za msingi zinazoubeba wimbo. Mpigaji anapouhamishia kwenye shingo ya kinanda cha begani, kazi hiyo hubaki bila mwenyewe.

Bendi yenye mpiga besi, mpiga gitaa na mpiga kinanda wa pili haitahisi pengo. Hali ni tofauti katika sherehe nyingi ndogo, zikiwemo harusi za jamii za Waswahili walio ughaibuni, ambako mpiga kinanda mmoja hubeba kazi ya bendi nzima. Mkono wake wa kushoto huiongoza mashine ya mdundo na kubadilisha sauti za msingi. Wa kulia hupiga lahani. Mtu huyo akikiacha kinanda cha mezani na kuelekea kwa maharusi akiwa na chombo begani, mwimbaji huachwa na mdundo mtupu, hana pa kuegemea sauti yake.

Njia za kuliziba pengo hilo ni tatu, na zote hupangwa kabla. Ya kwanza ni kukitumia kinanda cha begani katika kiitikio cha ala peke yake, mahali ambapo mwimbaji amenyamaza na sauti za msingi hujirudia. Ya pili ni kuandaa mapema sehemu ya msingi ijiendeshe yenyewe, kwa makubaliano kwamba wimbo hautarefushwa kwa ghafla hata watunzaji wakizidi kumiminika. Ya tatu, ambayo ndiyo bora kwa muziki unaofuata hadhira kama taarab, ni kumpata mwenzi wa kukaa kwenye kinanda cha mezani. Uhuru wa mmoja basi huwa ni ajira ya wa pili.

Kwa anayetaka kuanza

Mwanafunzi hahitaji chombo cha bei kubwa. Kinanda chochote cha mezani chenye gurudumu la kupindisha sauti kinatosha kwa mazoezi ya mwanzo: mkono wa kushoto ubaki kwenye gurudumu, wa kulia upige lahani moja. Wimbo unaojulikana sana ndio mwalimu mzuri, kwa sababu mwanafunzi anajua mwimbaji wake anapanda wapi, anatetemesha wapi na anavuta pumzi wapi. Akiweza kuuimba kwa kinanda kiasi cha msikilizaji kuyatambua maneno ambayo hayakutamkwa, hapo ndipo mkanda wa begani unapoanza kuwa na maana.

Anayenunua chombo kilichotumika akikague kabla ya kulipa: kila kibonye kilie kwa nguvu sawa, utepe au gurudumu lirudi katikati bila kuacha sauti imepinda, chumba cha betri kisiwe na kutu, na vishikizo vya mkanda viwe imara. Kishikizo kikifunguka jukwaani, chombo huanguka pamoja na wimbo.

Mbele ya hadhira, mwenye kinanda cha begani hana meza ya kujificha nyuma yake. Mikono yake yote miwili huonekana, na kosa lake husikika na kuonekana kwa pamoja. Bendi inayompeleka mbele imemkabidhi lahani ya wimbo. Mwendo na sauti za msingi lazima ziwe zimeshapata wa kuzibeba kabla hajaondoka mahali pake.